Wastani wa Maji

Mhandisi wa idara ya maji alirudi kutoka mafunzo ya takwimu na neno moja mdomoni: wastani. Ukimuuliza habari za nyumbani, anajibu, "Kwa wastani, hatujambo."

Mkurugenzi akataka ripoti. Mhandisi akachukua maji yote yaliyopita kwenye mabomba ya mji, akayagawa kwa idadi ya nyumba, akapata jibu tamu: kila nyumba ina maji ya kuoga, kupika, kufua na kumwagilia maua. Mkurugenzi alifurahi mno, akaenda kuitangaza ripoti redioni.

Kule mlimani, mama mkwe wa mhandisi alisikia tangazo hilo akiwa ameketi mbele ya bomba linalokohoa hewa. Akafunga furushi la nguo chafu, akawapitia majirani zake, wakateremka na ndoo na madumu hadi bondeni, kwa mkwewe.

"Shikamoo, mama. Kuna msiba?" mhandisi aliuliza mlangoni, taulo begani.

"Marahaba, mwanangu. Msiba wa nini? Redio imesema tuna maji. Kwangu hayapo, basi yatakuwa kwako. Tumefuata ya kwetu."

"Mama, ule ni wastani tu. Ni hesabu."

"Sawa. Sisi tutaoga, wewe hesabu."

Mhandisi alienda kazini bila kunawa uso. Aliporudi jioni, uani kulitanda mashuka ya watu asiowajua, na mkewe alikuwa akiwagawia wageni sabuni huku akicheka. Akakaa kizingitini kusubiri zamu ya bafu. Hapo ndipo alipozipanga kichwani nyumba zote za mji, kuanzia iliyo kavu kuliko zote hadi inayoelea, kisha akaitazama ile iliyoangukia katikati. Haikuwa na tone. Nyumba chache za bondeni, na bustani ya mkurugenzi ikiwa mbele, ndizo zilizoupandisha wastani wa mji mzima. Kumbe hata somo hilo lilifundishwa, ila lilikuja baada ya chakula cha mchana, naye alikuwa anasinzia.

Asubuhi alimwendea mkurugenzi. "Mkuu, wastani umetudanganya. Nyumba ya katikati haina maji."

"Hiyo nyumba ya katikati ni ya nani?"

"Si ya mtu fulani, mkuu. Ukizipanga zote kwa mstari..."

"Kama si ya mtu, anayelalamika ni nani?"

Mhandisi akaaga kwa adabu. Akatoka moja kwa moja hadi kwenye koki kuu inayogawa maji kati ya bondeni na mlimani, akaizungusha mpaka maji yakaanza kupanda mlima. Wageni wake wakakusanya mashuka yao, wakarudi makwao.

Haikuchukua muda, nyasi za mkurugenzi zikageuka njano. Alimwita mhandisi huku akitweta. "Kwangu maji yanadondoka kama machozi! Umefanya nini?"

"Nimepiga hesabu upya, mkuu. Wastani ni uleule uliousifu redioni. Haujapungua hata tone."

Kesho yake mkurugenzi alitoa barua ya kumpeleka mhandisi mafunzoni tena, safari hii mbali na kwa muda mrefu. Mhandisi akaenda. Na kwa kuwa pale ofisini hakuna mwingine aliyejua koki kuu iko wapi, maji yakaendelea kupanda mlima.