Maiti Aliyemjibu Mtani

Usiku wa jana niliota nimekufa, na mjinga wa msiba huo nilikuwa mimi mwenyewe, kwa sababu kifo nilikipokea mchana kwa mikono miwili.

Kikundi chetu cha maigizo hapa Kilosa kinatayarisha mchezo wa mzee anayefariki na ndugu kugombea shamba lake. Mimi ni mwanakikundi wa siku nyingi, ila kazi yangu ni kupanga viti. Jana Bi Kobelo, anayetuongoza, akanipa nafasi ya maiti. Nikasema Mungu si Athumani. Hakuna neno la kukariri, mtu unalala tu unapigiwa makofi. Mke wangu Nyamizi alicheka mpaka akakaa chini, akasema kuniomba mimi ninyamaze ni kumwomba jogoo atage. Bi Kobelo naye akanionya kwamba nikitoa sauti yoyote, nafasi inarudi kwa mgomba. Maana mwaka jana maiti aliigizwa na gogo la mgomba lililoviringishwa sanda, na watu walilia hasa.

Basi ndotoni nipo jukwaani, nimelala kitandani, nimefunikwa shuka jeupe. Kando ya pazia amesimama mgomba. Kavaa sanda yake ya mwaka jana, imepigwa pasi.

"Usinijali," ananiambia. "Nimekuja tu, ikitokea lolote."

Bi Kobelo anapita na gunia. Anasema marehemu hana maneno, kwa hiyo niyakabidhi yote. Nayatema humo: salamu, vijembe, hadithi za uongo, hata jina la mke wangu. Gunia linafura, linaomba lifungwe haraka kwa kuwa vijembe vinaliuma. Nabakiza jibu moja chini ya ulimi. Sikuwa na nia mbaya. Ni vile tu Mnyamwezi kama mimi hatoki nyumbani mikono mitupu.

Mara kitanda kinanyanyua miguu, kinaanza kutembea. Nakitazama kwa jicho moja. Kinanieleza kwa upole kwamba mazishi yamehamishiwa uwanja wa mpira, na kwamba maiti hafungui jicho. Nalifumba. Tunapita stesheni ya reli, mabehewa yanavua mapaa kwa heshima.

Uwanjani kaburi limechimbwa mbele ya goli. Waombolezaji wamejaa, na milingoti ya goli inalia kuliko wafiwa. Nalala kwa ufundi mkubwa. Hata nzi anatua puani kwangu, ananusa, anawaambia wenzake kwamba kweli nimekwenda.

Hapo ndipo anapoingia Bi Tatu Pazi.

Bi Tatu ni jirani yetu, Mzaramo, na Mzaramo na Mnyamwezi ni watani tangu enzi za misafara. Kwenye msiba wetu mtani ana ruhusa yote: atamwigiza marehemu, atamsema, na hakuna wa kumnunia. Bi Tatu kavaa suruali yangu, kaifunga kwa kamba. Anatembea ninavyotembea, anajikuna ninavyojikuna. Uwanja mzima unashika mbavu. Wajane wangu, ambao ndotoni ni wengi kuliko ninavyokumbuka kuoa, wanacheka kuliko wote.

"Mababu wa huyu walibeba pembe kutoka Tabora hadi pwani," anasema. "Yeye ukimtuma mkaa nyumba ya pili, anapumzika njiani."

Jibu langu linaamka chini ya ulimi. Linavaa viatu. Linaniuliza kama litoke. Nalikatalia. Linasema basi litasubiri kwenye meno, kuna hewa.

Bi Tatu anainama, ananitazama. Furaha inamtoka usoni. Anawageukia watu, anasema kwa huzuni ya kweli kwamba utani una sheria yake: mtani akichokozwa na asipojibu, huyo si wa mchezo tena. Azikwe.

Sasa nipo njia panda. Nikinyamaza, nazikwa. Nikijibu, mgomba anachukua nafasi yangu, na mimi narudi kwenye viti. Nachagua sanaa. Wananishusha. Udongo wa kwanza unaniangukia sikioni, unaomba radhi, unasema haukuhudhuria mazoezi.

"Usiogope," mgomba ananiinamia kutoka juu. "Sehemu hii huwa fupi."

Ni kweli ni fupi. Magoti yangu yamebaki nje. Nayaona yote mawili yamesimama juani kama watalii. Hapo jibu linafungua meno lenyewe, linatoka mbio.

"Kaburi hili limechimbwa na Wazaramo," nasema. "Ngoma ilipolia, wakatupa jembe."

Uwanja unalipuka. Bi Tatu anaanguka kwa kicheko, anapiga ardhi kwa viganja. Milingoti inakumbatiana. Mgomba anajizuia, anajizuia, anashindwa, anapasuka katikati kutoka juu hadi chini, vipande viwili, na vyote viwili vinaendelea kucheka. Bi Kobelo anavitazama, ananitazama mimi. Anatangaza kwamba maiti mzima hana tena, kwa hiyo wataendelea na huyu anayesema.

Nikaamka jua limeshatoka, nimejaa furaha. Sikio la kulia linawasha. Nikaingiza kidole, kikatoka na udongo mwekundu.

Nyamizi alisema ni wa bustanini. Nikamwambia sijagusa bustani tangu tupande mchicha, akakubali kwamba hilo ni kweli, na aibu ya hilo naijua mwenyewe. Nikamuuliza kama nilisema chochote usingizini. Akaapa sikutoa hata mguno usiku kucha, mpaka alinigusa kuhakikisha kama nipo.

Tukiwa bado tunabishana, Bi Tatu akapiga hodi, kaja kuazima chekecheke. Sikuwa nimemsimulia mtu yeyote. Akalipokea, akashukuru, akafika mlangoni, akageuka.

"Na kaburi halikuwa fupi, mtani," akasema. "Ni ulimi wako ndio haukuenea."