Jaribio la Macho la Frère Odilon

...tatu, amesema Léon, na amelisema vizuri, bila kucheka, kama mtu anayetaja jina la mama yake, na kumbe jibu ni mbili, hata mlevi angeona kwamba mstari unaolingana na ule wa mfano ni namba mbili, wa tatu ni mfupi, mfupi kama suruali ya mtoto aliyerefuka wakati wa likizo, lakini ndivyo tulivyopatana, kadi za kwanza tuseme kweli, hii tuseme uongo sote kwa pamoja, tuone kama mgeni atatufuata, na mgeni, ee Mungu wangu, mgeni ni Papa Kasongo. Katika Kisangani nzima, jamani, na watu wote hawa... Théodore alitumwa nje kutafuta mtu asiyejua lolote, yeyote tu, mpita njia, na mpita njia akawa facteur wa posta aliyeingia uani na baiskeli yake kuleta barua za shule, na facteur huyo ndiye baba yake Claudine, na Jumapili hii tonton, mjomba wangu, anakwenda kubisha hodi kwake kwa ajili yangu, mimi Hilaire, mwalimu mtarajiwa, kijana mwenye adabu, ndivyo tonton atakavyosema, na sasa Papa Kasongo amekaa hapa bega kwa bega nami kwenye benchi, kofia ya posta magotini, ananukia sabuni na vumbi la barabara, na zamu inakuja, Léon amekwisha, sasa Désiré, kisha Hubert, kisha mimi, kisha yeye. Tatu, anasema Désiré, akiangalia dari, mjinga huyu, mistari iko kwenye kadi yeye anaitafuta darini, ataharibu kila kitu, na akiharibu tumeharibika sote, maana maksi ni zile zile kwa kundi zima na zinaingia kwenye diploma, Frère Odilon, mtawa anayetufundisha, amesema hivyo, huyo hapo nyuma na penseli yake, anakuna ndevu, ametusomea kutoka kwenye revue, jarida la wasomi lililoletwa na meli kutoka Ubelgiji, jinsi Wamarekani walivyowakalisha watu wenye macho mazima mbele ya mistari kama hii, na watu wakayakana macho yao kwa sababu tu wenzao wamesema vingine, alors, akasema Frère, mtalirudia jaribio hilo hapa, neno kwa neno, tujue kama mtu wa Stanleyville, ndivyo wazungu wanavyoiita Kisangani yetu, ni sawa na mtu wa Amerika, na sisi tukapiga makofi, tulipiga makofi kweli, hakuna aliyewaza kwamba mtu wa Stanleyville angekuwa baba mkwe wangu. Bado si baba mkwe. Na pengine hatakuwa, kwa sababu Papa Kasongo ni mtu wa macho, kila mtu anajua, binti yake wa kwanza, Pétronille, alimwoza kwa bwana mmoja wa Bafwasende aliyeficha kwamba jua likizama haoni, na siku ya harusi jua likazama, na bwana akanyanyuka kwa furaha akamkumbatia bibi arusi, kumbe si bibi arusi, ni mama mkwe, mama mkwe ambaye hata mkono hakutakiwa kumpa, ngoma ikanyamaza, wazee wakatazama sahani zao za pondu, na bwana yule bado amekumbatia, anasema mupenzi wangu, mupenzi wangu... tangu siku hiyo Papa Kasongo husema mkwe wa pili atamkagua macho kwanza, moyo baadaye. Na mimi sasa nitafumbua mdomo mbele yake niseme tatu. Je, nikikohoa, nikohoe kwa muda mrefu mpaka waniruke, au niseme polepole sana, neno lisilo na umbo, ta-bili, mbi-tu, lakini Théodore ataniambia nirudie, Théodore anapenda watu warudie, amesimama pale na kadi yake kama padri aliyeshika picha ya mtakatifu... Tatu, amesema Hubert. Hubert. Mtoto wa Wagenia, wale wavuvi wa mtoni, anayeimba kwaya, ambaye hajawahi kusema uongo hata juu ya samaki, na amesema tatu kwa sauti ile ile ya kwaya, na hapo, sijui niseme nini, mstari wa tatu umerefuka. Kidogo. Umejinyoosha. Donc labda... hapana, Hilaire, mstari huo umeuchora wewe, jana, kwa rula yako, Théodore akakushikia karatasi, ulisema mwenyewe uwe mfupi zaidi watu wasije wakasema ni ngumu, na sasa wenzako watatu wamesema neno moja na wewe unaitilia shaka rula yako, bure kabisa, Wamarekani wangekuandika kwenye revue. Kitu kinanigusa kiwiko. Ni Papa Kasongo, ameinama kidogo, hanitazami, anatazama kadi, na mdomo wake haufunguki vizuri anaponena.

"Mutoto yangu, ile mustari... weye unaona ngapi?"

Ngapi, ananiuliza mimi, na si sauti ya mtu anayekagua, sijawahi kuisikia kwake, ni sauti ya mtu anayeuliza njia, na vidole vyake vinaikamua ile kofia, vinakamua mpaka nembo ya posta inakunjika, na sasa ndipo ninakumbuka Théodore alimwambia nini mlangoni, alimwambia ni jaribio la macho, dakika chache tu, papa, tunapima macho, kweli revue inaagiza mgeni aambiwe hivyo, lakini mgeni wa revue si facteur, mgeni wa revue hakukalishwa mbele ya mzungu mwenye penseli akadhani mzungu huyo katumwa na posta kumpima, na mwezi uliopita, ndiyo, mwezi uliopita alituletea nyumbani barua ya jirani yetu Mama Hadidja, akarudi kuichukua akicheka, akasema jua, jua lilimpiga, mama akacheka na mimi nikacheka, na Claudine aliponiambia kwamba baba yake siku hizi anashika bahasha mbali, mkono wote umenyooka, halafu anampa yeye asome, anasema wino wa sasa hauna nguvu, Claudine hakucheka, na mimi nilidhani ananisimulia kichekesho. Papa Kasongo ndiye anayeogopa. Tangu Léon aseme tatu anaogopa, na kila mmoja wetu amemsukuma mbele kidogo, na aliyebaki ni mimi, nikisema tatu nimemwambia papa, umekuwa kipofu, rudisha baiskeli posta.

"Hilaire," anasema Théodore, na naona ni mara ya pili, "jibu, Hilaire."

Désiré amekwisha kuapa uani kwamba atakayeharibu atakula peke yake mpaka likizo, na diploma, na tonton aliyefua koti, na Frère ameinua penseli...

"Mbili," nimesema.

Kiatu cha Hubert kimenikanyaga, chote, kisigino mpaka kidole, Théodore anaiangalia kadi kama iliyomsaliti, penseli ya Frère imesimama hewani kisha inaanza kuandika, inaandika kwa haraka, siwezi kujua anatuandikia sifuri au kitu kingine, na kando yangu pumzi imetoka, ndefu, kama ya mtu anayeshusha mzigo wa kuni.

"Mbili," anasema Papa Kasongo, kwa sauti ile anayoitia majina ya watu kwenye milango, kisha anageuka, anawatazama Léon na Désiré na Hubert mmoja mmoja, kwa huruma ya kweli. "Batoto, mutafute docteur mapema. Haiko haya."

Hubert ameuma midomo, mabega yake yanatetemeka, na mimi sicheki, ajabu, sicheki kabisa, Théodore bado ameshika kadi ile ile, mistari iko pale pale, mbili ni mbili, na hakuna kilichosogea chumbani isipokuwa kofia iliyorudi kichwani, na ninajua kwamba kengele ikilia nitamfuata mpaka kwenye baiskeli yake kabla Frère hajamfikia na kumweleza, nitamwambia ulikuwa mchezo na mimi nilikuwamo, mistari niliichora mimi, na miwani, papa, miwani haiko haya vilevile, na kama baada ya hayo hatanipa Claudine, asinipe, lakini anikatalie akiniona vizuri.