Wingi wa Mama

Darasa la Kijerumani la Mwalimu Rugemalira lilikuwa ghorofani, juu ya duka la fotokopi pale Mirongo, na siku lilipofunguliwa lilikuwa na wanafunzi kumi na mmoja na kiti kimoja. Karibu wote walikuwa wauguzi. Walisimama wameegemea ukuta, madaftari mkononi, na mwalimu akaandika ubaoni: der Stuhl, kiti. Akaeleza kwamba sisi hubadilisha neno kichwani, kiti, viti, lakini Mjerumani hubadilisha mkiani, na mara nyingine hugusa na tumbo. Akaandika: die Stühle. Akawataka watamke kwa pamoja. Mara mbili za kwanza hawakupatia. Mara ya tatu walipatia, na viti vikawepo, vya mbao, vya kuwatosha. Wakaketi. Mwalimu akaendelea na meza.

"Kanuni zipo, lakini hazitoshi," aliwaambia. "Neno mnajifunza pamoja na wingi wake, siku hiyohiyo."

Aliyekosea mkia alipata kitu chenye kasoro. Dada mmoja wa Bujora aliweka s mwishoni mwa neno la yai, na mayai aliyopeleka nyumbani hayakuwa na kiini. Dirisha lilikuwa katika kundi la maneno yasiyobadilika, das Fenster, die Fenster, na hakuna aliyejisumbua kwenda kuhesabu madirisha. Neno la ziwa mwalimu alilifundisha kwa kuandika tu. Alisema mji hauna nafasi ya ziwa la pili.

Maneno ya watu nayo aliagiza yasomwe kimoyomoyo. Alipofika kwenye wazazi, die Eltern, alisema neno hilo lina wingi peke yake.

"Na akiwa mzazi mmoja, mwalimu?" aliuliza Adventina.

"Hayupo. Kwa neno hili hayupo."

Adventina akaandika hivyo. Alikuwa na miaka thelathini na minne, mjane, muuguzi wa wodi ya wazazi katika kituo kimoja cha afya huko Nyakato. Zamu yake alikuwa peke yake na wajawazito thelathini na kitu, wengine wawiliwawili kitandani. Nyumbani alikuwa na binti wa miaka sita, Nice, na mama yake mzazi, Ma Evelina, aliyetoka Muleba kuja kumlea mjukuu. Adventina alikuwa akirudi mtoto amelala na kuondoka mtoto amelala. Aliamini Ujerumani atatunza wazee kwa saa zinazojulikana, kisha atamchukua mwanawe. Mkataba na wakala ulikuwa umeshasainiwa. Kilichobaki ni mtihani wa lugha.

Kwenye jaribio la kuzungumza alianguka. Alisema Mutter kwa mama mmoja na Mutter kwa mama wengi. Josephat, kijana wa wakala aliyevaa tai hata siku za joto, alimweleza kwa upole kwamba atakayeanguka tena atatolewa kwenye orodha.

Kwa hiyo Jumapili moja alasiri, baada ya misa, Adventina alikaa jikoni na beseni la ndizi za kumenya, na Nice akamshikia kioo. Mwalimu alikuwa amewafundisha wabane midomo kama wanaopiga mluzi, halafu waseme i. Adventina alikuwa anajua alichokatazwa. Alimenya ndizi moja akasema, akamenya nyingine akasema. Nice alikuwa anatikisa kichwa. Mara ya kumi na moja ikatoka sawasawa: die Mütter.

Kwenye kigoda cha pili, karibu na mlango, alikuwa ameketi Adventina. Alikuwa na kanga ileile, na kovu lilelile la mvuke kwenye kifundo cha mkono. Alichukua kisu kilichokuwa chini akaanza kumenya, maana ndizi zilikuwa bado nyingi.

Nice aliweka kioo chini. "Shikamoo mama," alisema, akageuka, akarudia, "Shikamoo mama."

"Marahaba," walijibu.

Ma Evelina alichungulia mlangoni, akaongeza maji sufuriani.

Haikujulikana nani alikuwa wa kwanza. Wote wawili walikumbuka uchungu wa kumzaa Nice na mazishi ya baba yake. Waliamua kupokezana. Mmoja alikwenda zamu, mwingine alibaki, na kesho yake wakabadilishana. Kwa miezi minne Nice alipelekwa shule na mama na kurudishwa na mama. Alisukwa nywele mchana, akanenepa kidogo. Akaacha kukojoa kitandani, jambo ambalo mama yake hakuwa hata na habari nalo mpaka alipolala humo mwenyewe. Mtihani ulifanywa na aliyekuwa na nafasi siku hiyo, akafaulu.

Walikubaliana mmoja aende, mmoja abaki na mtoto. Hakuna aliyetaka kwenda. Wakaiachia ratiba ya zamu: atakayekuwa kazini siku viza itakapotoka ndiye atakayesafiri. Ilitoka siku ya Alhamisi. Aliyekuwa wodini alipigiwa simu akiwa anamfunga kitovu mtoto wa mtu, akasema sawa, akamalizia kufunga. Aliandika barua ya kuacha kazi, na baada ya wiki mbili akaenda Ujerumani, mji wa Kassel.

Jumatatu yake, aliyebaki alivaa sare akaenda kazini. Akaambiwa jina lake limeondolewa, aanzie ofisini. Ofisini alimkuta karani aitwaye Masele, mtu mzima, mwenye sauti ya chini.

"Umeacha kazi, dada yangu. Barua ninayo hapa."

"Aliyeacha ni mwenzangu. Mimi sijaacha."

"Nakuelewa. Ila jina ni moja na namba ya usajili ni moja. Mfumo unasema umeondoka."

"Kituo kina upungufu wa wauguzi sita."

Masele alitazama karatasi yake. "Saba," alisema. "Sasa ni saba."

Hakuwa na ubaya. Alimpa kiti, akamweleza kwamba akitaka usajili mpya aje na cheti cha kuzaliwa ambacho hakijatumiwa na mtu mwingine. Adventina alikaa kidogo, akashukuru, akarudi nyumbani. Siku hiyo Nice alifurahi kumkuta mapema.

Josephat alikuja mwezi uliofuata. Alikuwa amesikia, mji una maneno. Aliketi mbele ya Adventina na Ma Evelina, akatoa mkataba kwenye bahasha.

"Shikamoo, mama. Shikamoo, dada. Kuna nyumba ya wazee Rostock, hukohuko Ujerumani, wanahitaji mtu."

"Mimi sisafiri," Adventina alisema. "Mwenzangu ameshakwenda."

"Lakini umesaini."

Alimwonyesha. Saini ilikuwa yake, hata ule mkia wa herufi ya mwisho aliokuwa ameukosea kwa sababu kalamu ilikuwa inakwama. Alikumbuka kalamu yenyewe. Josephat alieleza, bila kupandisha sauti, kwamba asipotimiza, mkataba utahesabika umevunjwa, na aliyeko Kassel atarudishwa kwa ndege ya kwanza.

Adventina aliubeba mkataba hadi Mirongo. Mwalimu Rugemalira alivaa miwani, akausoma wote, akaurudia ukurasa wa tatu kwa kidole.

"Hapa," alisema. "Die Pflegekräfte. Wameandika wingi."

"Maana yake?"

"Mtunzaji mmoja ni Pflegekraft. Hawa wameandika watunzaji. Karatasi ni hiihii kwa kila mtu, kwa hiyo wanaandika wote kwa pamoja. Lakini kwa wingi huo na wewe umo."

"Hawakukosea?"

Mwalimu alivua miwani. Alionekana kutamani kukuta kosa. "Sarufi ni safi," alisema. "Nilikukataza kutamka, Adventina."

"Mtihani ulikuwa wa kutamka, mwalimu."

Mwalimu alimrudishia karatasi zake, akamsindikiza mpaka ngazini.

Kupata karatasi za kuondoka hakukuchukua muda. Penye nafasi ya kueleza kwa nini jina na tarehe ya kuzaliwa vinafanana na vya mtu aliyekwishaingia Ujerumani, Josephat aliandika pacha, na huko hawakuuliza zaidi. Nice alimuuliza bibi yake kama kuna mama wa tatu. Bibi alisema hapana, hao ndio wote. Uwanja wa ndege mtoto hakulia. Alisimama ameshika kamba ya begi mpaka ilipobidi aiachie.

Mwezi wa Machi mvua zilipochanganya, Nice alishikwa na homa. Ma Evelina alimbeba mgongoni, mkubwa hivyo, hadi kituo cha afya alichokuwa akifanya kazi mama yake. Kwenye benchi palikuwa na watu ishirini na saba mbele yao. Muuguzi alikuwa Gladness, binti mdogo wa Sengerema, peke yake tangu jana, kwa sababu wa kumpokea zamu hakuwepo. Alikuwa anatoka wodini, anaita jina, anarudi wodini kwa mbio.

Saa nne simu iliita; Ma Evelina alikuwa amewaarifu wote wawili tangu alfajiri.

"Shikamoo mama," alisema Adventina wa Kassel. "Ameshaonwa?"

"Marahaba. Bado. Tupo benchi, Gladness yuko peke yake."

"Joto je?"

"Lipo palepale."

"Mwambie Gladness amwangalie kope kwa ndani. Mwambie nimesema mimi. Kama ni nyeupe, damu imepungua, asi..." Kengele ililia upande wa pili, na sauti ya mzee ikaita kwa Kijerumani. "Naitwa, mama. Nitapiga."

Akakata.

"Ni mama yupi?" Nice aliuliza, akiwa amefumba macho.

"Ni mama yako."

Haikupita robo saa simu ikaita tena. Alikuwa Adventina wa Rostock. Aliamkia, akauliza kama mtoto ameshaonwa, na Ma Evelina akajibu bado, tupo benchi. Akauliza joto. Akaanza kueleza habari za kope, na kengele ikalia.

Gladness alitokea mlangoni na faili mkononi. Aliita jina la mtu mwingine. Mtu huyo akainuka, na wale waliobaki wakasogea mbele nafasi moja, Ma Evelina naye akasogea, mtoto akiwa amemlalia pajani.