Kilima Alichokitaja Masele

Kidole cha Cornel kiliganda juu ya jina la baba yake. Lilikuwa nyuma kabisa ya ripoti, katika ukurasa ambao wasomaji wengi hufunga kitabu kabla ya kuufikia. Hapo bwana shauri wa zamani, mzungu aliyesimamia wilaya, aliwaorodhesha watu waliompa habari: Masele, mpagazi, mwenyeji wa upande wa Geita, ndiye aliyemwonyesha kilima cha Mabale kuwa ndipo walipozikwa watemi.

Maktaba ya chuo cha ualimu ilikuwa chumba kimoja chenye makabati manne na vitabu vilivyoonjwa na mchwa. Mwaka ule wa 1953 Cornel alikuwa ameshinda humo miezi mitatu akiandika insha juu ya historia ya utemi wa kwao. Kabla ya kuanza, alikwenda nyumbani kumwuliza baba yake. Mzee alimchukua mpaka zizini, akangoja ng'ombe watulie, ndipo akamwambia kwa sauti ya chini kwamba watemi wamelala Ishoke.

"Hili ni lako," alimwambia.

Cornel alidhani amepewa habari ya kupeleka shule. Aliporudi chuoni akaifungua ripoti, akakuta Mabale. Ripoti ilikuwa na jalada gumu na ramani. Baba alikuwa na mguu uliovimba na Kiswahili cha kuokoteza. Cornel akachagua. Aliandika: "Mzee mmoja aitwaye Masele anakitaja kilima cha Ishoke, lakini kumbukumbu za wazee huchakaa, na ni salama zaidi kushika yaliyoandikwa." Hakuandika kwamba mzee huyo ndiye aliyemzaa.

Insha ilishinda mashindano ya chuo. Siku ya wazazi aliisoma mbele ya watu, na baba yake, aliyesafiri siku mbili juu ya lori la pamba, alikaa benchi la mbele katika koti la kaki lililotiwa viraka vipya. Jina lake liliposomwa, Bujiku, jirani aliyefuatana naye, alijipiga goti kwa kicheko.

"Masele, umesahau hata vilima ulivyochungia ng'ombe? Kesho utasahau mlango wa mkeo."

"Mke wangu atanikumbusha," mzee alijibu, na watu wakazidi kucheka.

Baadaye alimshika mwanawe mkono akasema, "Umesoma vizuri." Cornel alifurahi. Furaha hiyo ndiyo iliyokuwa ikimchoma sasa, wiki mbili baadaye, kidole kikiwa juu ya jina. Alikuwa amemkanusha baba yake kwa maneno ya baba yake mwenyewe.

Akaomba ruhusa, akaenda nyumbani. Alimkuta mzee uani akisokota kamba ya katani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Chuo kimefungwa?"

"Hapana. Nimekuja kwa ajili ya Mabale."

Mikono ya mzee haikusimama. "Bwana shauri aliniuliza miaka ile nilipombebea hema. Nyuma yake walikuwapo wapimaji wa dhahabu na sururu zao. Mtemi hazikwi mikono mitupu, na mgeni haonyeshwi alipolala. Nikampa Mabale. Wakachimba mashimo saba, wakapata mawe, wakaondoka."

"Mbona hukuniambia kwamba ni siri?"

"Baba akikupeleka zizini akanong'ona, unataka akuambie nini tena?"

Cornel alitazama chini. "Nitarekebisha. Mwalimu Eustace anataka kuipeleka insha kupigwa chapa. Nitaifuta ile sentensi."

"Watu wote wale wamekwisha kuisikia. Ukiifuta watauliza kwa nini. Ukisema Masele hakukosea, kesho wako Ishoke na sururu." Akaivuta kamba, akaijaribu kwa goti. "Iache, ng'wanone, mwanangu. Mzee msahaulifu ni mlinzi mzuri."

"Na jina lako je?"

"Mimi nimebeba hema la mzungu. Hili halitanivunja mgongo."

Cornel alingoja akemewe. Alingoja wakati wa chakula, alingoja hata aliposindikizwa njiani asubuhi, lakini mzee alizungumza juu ya mvua na bei ya pamba tu. Angechapwa, angelia na yakaisha. Aibu isiyokemewa haina mlango wa kutokea.

Mwalimu Eustace, aliyefundisha historia na ambaye hakuwapo siku ya wazazi, alimwita maktaba. Karatasi za insha zilikuwa mbele yake, kalamu nyekundu pembeni.

"Huyu Masele," alisema, "ulimhoji vizuri? Mzee anaweza kukosea moja akapatia kumi. Tukitaka, tunaweza kuandika kwamba huenda yeye ndiye mkweli."

Hilo ndilo Cornel aliloliota njia nzima. Sentensi moja, na baba yake angesimama tena wima mbele ya watu.

"Nilimhoji, mwalimu. Alikosea."

"Unamfahamu lakini?"

"Ni baba yangu."

Mwalimu alivua miwani. Alimtazama kwa muda, kama mtu anayemtazama aliyeuza ng'ombe wa ukoo ili anunue kofia. "Nawe unaridhika isomwe hivi, mahali pote, baada yenu nyote wawili?"

"Ndiyo, mwalimu."

Eustace alizikunja karatasi na kuondoka, na tangu siku hiyo aliitikia salamu za Cornel bila kumtazama usoni.

Masele alifariki mwaka wa tatu kutoka hapo, mvua za kwanza zikinyesha. Matangani wakaja majirani, wakaja pia wachimbaji wa dhahabu kutoka mgodini waliokuwa wakinunua maziwa kwake. Siku ya pili, machozi yalipopungua, Bujiku akaanza kumsimulia marehemu kwa mapenzi: upole wake, ukaidi wa fahali wake, na jinsi mwanawe mwenyewe alivyotangaza chuoni kwamba mzee amesahau vilima vya kwao. Watu wakacheka kwa huzuni. Wengine wakamtupia Cornel jicho, wakaliondoa upesi.

"Kwani marehemu alikitaja kilima gani?" aliuliza mchimbaji mmoja, kijana mgeni mwenye adabu.

Bujiku alikuna kichwa, akashindwa. Wote wakamgeukia Cornel, sasa mwalimu kijana, aliyeketi kwenye mkeka, kichwa kimenyolewa.

"Nimesahau," Cornel alisema.

"Maji hufuata mkondo," Bujiku akasema, na kicheko kikapita tena uani, polepole, mpaka kwa wanawake waliokuwa jikoni.