Bwana Tena na Baghala

Jina lake halisi lilikuwa limebaki kwenye kitambulisho tu. Bandani na uwanjani, kuanzia wapanda farasi hadi wauza majani, wote walimwita Bwana Tena, na jina hilo alilipata kwa jasho. Alisimama katikati ya mchanga, kamba ndefu mkononi, farasi akimzunguka, na neno lilikuwa moja: "Tena!" Farasi akigeuka vibaya, tena. Akigeuka vizuri, tena. Farasi aliyepita mikononi mwake ungeweza kumpandisha bibi harusi bila wasiwasi, na Bwana Tena hakuwa mtu wa kulificha hilo. Alijisifu asubuhi, akajisifu jioni, na ilikuwa haki yake, maana kazi ilionekana.

Binti yake wa pekee alikulia kwenye mchanga huohuo. Ilijulikana kwamba ndiye atakayeshika kamba siku nyonga za baba yake zitakapogoma kabisa, na dalili za mgomo zilikuwa zimeshaanza. Basi fikiria uchungu wa mzee siku binti aliporudi nyumbani anaongoza baghala, mtoto wa punda dume na farasi jike, ana masikio yasiyo na mwisho na uso wa mtu aliyeitwa mkutanoni bila kuambiwa ajenda.

"Punda huyo umemtoa wapi, mama?" mzee aliuliza.

"Si punda, Baba. Ni baghala. Mama yake farasi."

"Basi ungemleta huyo mama yake."

Watu wa bandani walicheka mpaka wakashika mbavu. Binti hakucheka. Mnyama wake alimwita Mkwe, na alipoulizwa sababu alijibu bila kupepesa macho: "Farasi ni mtoto wa nyumbani. Unamtuma, akikosea unamkaripia, kesho yake amesahau. Huyu ni mkwe. Mkwe humtumi, unamwomba. Na ukimkosea, habari hiyo mtaizungumza mpaka mpate wajukuu."

Bwana Tena aliona ni uvivu uliovishwa maneno mazuri. Binti alikuwa akitandaza turubai chini, anasimama mbele yake na Mkwe, kamba imelegea, na wote wawili wanalitazama turubai kama watu wanaosubiri chai. Farasi akisita mbele ya turubai, mzee humhimiza papo hapo kabla hajapata nafasi ya kufikiri. Binti alimpa baghala nafasi ya kufikiri, tena kwa makusudi! Mkwe alinusa, akagusa kwa kwato, akatega masikio, akaghairi, akanusa upya. Akishavuka mara moja, alisuguliwa shingo, akafunguliwa, kazi ikaishia hapo.

"Hiyo si kazi," mzee alisema. "Hayo ni matembezi."

Siku moja binti alikwenda kuchukua dawa kwa daktari wa mifugo, na Bwana Tena akaona mwanya ndio huo. Akamtoa Mkwe, akampeleka kwenye gogo la mazoezi. Mkwe akalitazama gogo, akalivuka vizuri sana. "Tena," mzee akasema. Akavuka. "Tena." Akavuka, sikio moja limelala nyuma. "Tena!" Mkwe akasimama, akamtazama mzee kama unavyomtazama mtu anayekusalimia kwa mara ya nne asubuhi hiyohiyo. Kisha akageuka na kushika njia ya bandani taratibu, huku bingwa wa farasi akiburutwa nyuma yake mbele za watu.

Tangu siku hiyo Mkwe hakutaka hata kulisogelea gogo lile, na binti alilazimika kuanza upya kabisa.

"Alidhani amekosea, Baba," alimwambia mzee, akijizuia asipandishe sauti. "Farasi ukimwambia arudie, anazoea. Huyu amekupa jibu sahihi, wewe unamwambia tena. Anaona jibu silo, anatafuta jingine. Au anaona wewe ndiye huelewi."

Maishani mwake mzee alishapigwa teke, alishaangushwa, alishang'atwa bega, lakini hakuwahi kudharauliwa na mnyama, na jambo hilo lilimkaa rohoni.

Ndipo zikaja habari za mtu wa mizigo. Huyu alisafirisha bidhaa kwenda milimani kusikofika gari, alikuwa na baghala wake, na alitafuta mtu wa kuwafundisha. Bwana Tena alimwita binti kwenye chumba cha matandiko, akafunga mlango.

"Anakuja kumwona Mkwe. Akiridhika, endelea na baghala wako. Akitikisa kichwa, Mkwe anaondoka hapa na wewe unarudi kwenye farasi. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, Baba," binti alisema.

Mtu wa mizigo alikuja na lori lake mwenyewe, la chuma tupu, ubao wake wa kupandia ukilia kila ukikanyagwa. Alitaka kumwona Mkwe akipanda na mzigo mgongoni. Binti alifunga shogi, mifuko miwili ya mzigo iliyoning'inia huku na huku, akakaza mikanda, akasogea hadi kwenye ubao, akasimama. Mkwe naye akasimama. Mtu wa mizigo akaangalia saa. Bwana Tena alihisi viganja vinamwasha. Angekuwa farasi, angeshakuwa ndani zamani! Mkwe alishusha kichwa, akanusa ubao, akaugonga kwa kwato, akasikiliza mlio wake, akaugonga tena. Binti hakuivuta kamba hata kidogo. Halafu Mkwe akapumua kwa nguvu, akapanda moja kwa moja mpaka ndani, akageuka, akatulia.

"Vizuri," mtu wa mizigo alisema. "Sasa mshushe, arudie. Isije ikawa bahati."

"Hapana, bwana," binti alijibu. "Kwa leo amemaliza."

"Amemaliza? Mimi nimetoka mbali, binti."

"Najua. Samahani. Lakini nikimrudisha sasa, nitakuwa nimemwambia kwamba alichofanya ni kosa. Njoo kesho, atapanda."

Mtu wa mizigo alikunja uso, akamgeukia baba. "Mzee, wewe sifa zako nimezisikia. Mwambie arudie."

Bwana Tena alimtazama binti yake. Mkono ulioshika kamba ulikuwa umetulia kabisa, ila ule mwingine ulikuwa umefinya pindo la koti mpaka vidole vimebadilika rangi. Binti alijua anachoweza kupoteza, na bado hakuwa tayari kumkosea mnyama ili ampendeze mteja. Mzee alijiuliza kama yeye, enzi zake, angethubutu, na jibu hakulipenda. Neno lilikuwa limeshafika ulimini, lile neno lake la miaka yote. Kulitamka tu, na binti angerudi kwenye farasi, kama alivyotaka siku zote. Lakini fahari ilikuwa imemjaa, fahari ya aina ambayo farasi hawakuwahi kumpa.

"Yatosha," alisema. "Hakuna kurudia."

Watu wa bandani waliacha mafagio yao. Mtu wa mizigo alichungulia ndani ya lori. Mkwe alikuwa amelegeza masikio, amepumzisha mguu mmoja wa nyuma, macho yamesinzia.

"Wangu huwa nawapandisha kwa watu wanne na fimbo," alisema polepole. "Sijawahi kumwona mmoja anasinzia humu." Akakuna kidevu. "Haya, mzee. Nikiwaleta wote, nikukabidhi wewe?"

"Mkabidhi fundi, huyo hapo," Bwana Tena alisema, akanyoosha mgongo pamoja na nyonga zake mbovu. "Mimi ni baba yake."