Mahali Alipolala Evarist

Daktari wa hospitali ya Mikumi aliniambia mtoto amefia tumboni na lazima nipasuliwe. Nilimshika mkono mume wangu, Cleopa.

"Wasimzike kabla sijamwona."

"Sawa, mke wangu. Nitamzuia mama."

Niliporuhusiwa kurudi nyumbani Kidodi, mtoto alikuwa ameshazikwa. Kwetu kichanga aliyezaliwa amekufa huzikwa na wanawake watu wazima, nyuma ya nyumba, kwenye migomba. Hakuna matanga. Mama yake haonyeshwi mahali, wala halii. Akilia, wanasema, tumbo litafunga.

"Ni wapi, Cleopa?"

"Sijui. Yale ni mambo ya wanawake, mimi sikwenda."

Nilimwamini. Hata nilimhurumia, kwa kuwa naye alikosa kumwona. Maziwa yalijaa, nikawa nayakamulia kwenye bakuli. Mama mkwe akipita husema, "Jikaze, mwanangu. Utapata mwingine."

Kisha wifi yangu Anitha, aliyekuwa hapa nyumbani nilipokuwa hospitalini, akaja tena kutoka Kilosa kunisaidia kufua. Alikuwa anasuuza shuka huku akicheka.

"Wifi, una mume wewe! Mwanaume gani anazika kichanga? Mama kamfukuza, kagoma. Kachimba mwenyewe, kafukia mwenyewe. Tukamwambia, 'Baba mzazi, jifunge na khanga basi!'"

"Alimwona uso?"

"Si alimfunua, akamwangalia weee..." Akaniona nilivyokuwa, akainamia shuka lake.

Cleopa aliporudi kutoka kwenye miwa nilimngoja mlangoni.

"Ulimwona."

Akatazama viatu vyake. "Mama alisema nikikuonyesha hatutapata mwingine."

"Anafananaje?"

"Angela, yaache."

Alikuwa na uso wa mwanangu kichwani mwake, na aliamua kubaki nao peke yake. Nilikwenda kwenye migomba, nikakaa chini nilipobahatisha, nikapiga yowe la msiba.

Kwetu yowe lile halipuuzwi. Majirani walikuja wakijifunga khanga, Mama Brightness mbele.

"Nani katutoka?"

"Evarist. Mwanangu." Jina hilo nilikuwa sijalitamka mbele ya mtu.

Mama mkwe alitoka jikoni. "Nyamaza! Unataka kutumalizia ukoo?"

"Shikamoo, mama," Mama Brightness alisema. "Lakini sisi tumeshafika." Akakaa chini. Wenzake wakakaa.

Tulilia. Cleopa alisimama pembeni muda mrefu, kisha akasogea.

"Siyo hapo," alisema kwa sauti ndogo. "Ni kule, kwenye mgomba ulioinama."

Wote walisikia. Mama yake aliingia ndani. Nilinyanyuka na kidonda changu, Mama Brightness akanishika kiuno, tukahamia kule. Udongo ulikuwa umesawazishwa vizuri sana. Niliuwekea kiganja.

Cleopa akataka kukaa karibu yangu.

"Kakae na wanaume," nilimwambia.

Wanaume walikuwa hawajaja. Akaenda kukaa upande wao, peke yake.