Sikio la Kushoto

Siku ya sita tangu atoke Sangailu, Maka alifika kwenye kizuizi cha mifugo nje ya mji wa Garissa akiwa na ng'ombe mmoja. Alitoka na wawili. Wa pili alilala njiani na hakuamka. Huyu aliyebaki, mtamba mwekundu mwenye mbavu nje, ndiye unga wa watoto wanne aliowaacha kwa dada yake wakinywa chai kavu.

Karantini ya homa ya mapafu ilikuwa katika mwezi wa tatu. Ng'ombe aliyechanjwa alikatwa pembetatu ndogo kwenye sikio la kushoto, mwenyewe akapewa cheti. Asiye na hivyo viwili haingii sokoni.

Daktari wa mifugo alikaa chini ya turubai na soda yake.

"Sikio?"

Alio, askari wa kizuizi, alimshika mtamba kichwa. "Alama ipo, daktari."

"Cheti?"

Gari la chanjo liliishia Masalani, halikufika kwao Sangailu. Walisema mafuta yamekwisha.

"Eddo, sema kimepotea," Alio alimnong'oneza kwa Kisomali, akimwita shangazi.

Maka aliwatazama wachungaji waliojipanga nyuma yake. Kusema cheti kimepotea ni kusema alama ile ni ya chanjo; na kwao, anayeikana alama ya ukoo wake mbele za watu amekiri kwamba ng'ombe ni wa wizi.

"Cheti hakuna," alisema kwa Kiswahili. "Hii si alama ya chanjo. Hii ya baba yangu. Ng'ombe yetu yote nakatwa hivi, tangu babu."

"Kwa hiyo mmeghushi alama ya serikali."

"Serikali ndio alikuta hii alama."

Mtu alicheka kwenye foleni. Daktari aliweka chupa chini.

"Kata hilo sikio. Akichanjwa atatiwa alama upande wa pili."

"Chanjo nakuja lini?"

"Ikifika."

Alio alikata kwa haraka, macho yake pembeni. Mtamba alilia mara moja. Maka aliliokota sikio mchangani akalifuta kwa shuka yake, na mtamba akafungiwa kwenye boma la karantini.

Adhuhuri lilifika lori la Haji Guleid, mfanyabiashara wa mifugo. Ng'ombe wake walikuwa wanene, masikio mazima pande zote mbili. Daktari alisimama kumpokea. Haji alitoa barua ya kibali mfukoni.

"Barua inasema ishirini," daktari alisema. "Naona kumi na tisa."

"Mmoja amekufa huko nyuma."

"Usijali, Haji. Yupo mmoja bomani hana alama."

Maka alifika mbio, sikio mkononi. "Huyo wangu! Alama hii hapa!"

"Mama, huyo ng'ombe ana alama?"

"Nyinyi mmekata!"

"Nimeuliza, ana alama?"

Alio alikuwa akimsukuma mtamba kwenye ubao wa kupandia. Hakugeuka.

Maka alipanda gurudumu la lori, akapenyeza mkono kati ya mbao, akalibandika sikio kwenye kidonda. Lilikaa sawasawa, kila unywele mahali pake.

"Tazameni!" aliwaambia wachungaji. "Tazameni!"

Waliona wote. Kila mmoja alikuwa ameshika kamba ya ng'ombe wake.

Lori lilinguruma, na Maka akaruka chini. Kizuizi kiliinuliwa. Yeye alibaki na sikio kiganjani, nzi wakitua kwenye pembetatu ya baba yake, na chini ya turubai daktari akaita:

"Anayefuata. Sikio?"